MWANAFUNZI WA SHERIA AKIJA KAMBINI

Somo kwa vikundi vya masomo vya matawi



Kila mwaka, kati ya mwezi wa sita na mwezi wa nane, vijana wa vyuo vya sheria vya ng'ambo, hasa vya Marekani, husafiri nchi mbalimbali kufanya mazoezi ya kazi katika mambo ya haki za binadamu. Wengine hukaa katika ofisi za New York na Geneva. Wengine huja Kampala, Nairobi na Arusha. Na wachache hufika hadi mashambani na viwandani, daftari mkononi na mkalimani pembeni, wakiuliza: Unalipwa kiasi gani? Nyumba moja mnalala watu wangapi? Ulipoumia, nani alikutibu?

Wajumbe wa matawi wameuliza katika semina: Watu hawa ni nani? Nani kawatuma? Tukizungumza nao tutapata faida, au tutafukuzwa kazi? Maswali haya ni ya haki, na mtu asiwacheke wanaoyauliza. Mwandishi wa somo hili aliishia darasa la saba. Sheria ameifunza kwa kufuatana na kesi za wanachama, si chuoni. Kwa hiyo tutakwenda polepole. Somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja, wasomaji wakipokezana.

1. WATU HAWA NI NANI?

Huko Marekani mtu haingii chuo cha sheria akitoka sekondari. Kwanza husoma chuo kikuu miaka minne, halafu sheria miaka mitatu. Kati ya mwaka na mwaka kuna likizo ndefu ya kiangazi cha kwao. Likizo hiyo si ya kulala. Mwanafunzi hutafuta mahali pa kufanya kazi kwa wiki kama kumi, ili yale aliyosoma vitabuni ayaone kwa vitendo.

Njia ziko mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kampuni kubwa za mawakili, zile zinazotetea mabenki na makampuni. Huko kijana hulipwa vizuri sana. Tangu mwisho wa mwaka 2023 kampuni kubwa za New York zimekuwa zikimlipa wakili mpya dola 225,000 kwa mwaka, na mwanafunzi wa likizo hulipwa kwa kiwango hicho hicho. Gawanya kwa wiki 52, utapata zaidi ya dola 4,000 kwa wiki moja.

Njia ya pili ni ofisi za haki za binadamu: zinazotetea wakimbizi, wafungwa, wakulima walionyang'anywa ardhi, na wafanyakazi kama sisi. Huko mara nyingi mwajiri halipi hata senti. Chuo humpa mwanafunzi posho ya kujikimu, na katika vyuo vingine wanafunzi wenyewe hufanya mnada kuchangia wenzao waliochagua njia hii. Tukumbuke kwamba karo peke yake katika vyuo kama Harvard na Columbia imepita dola 70,000 kwa mwaka, na wengi husoma kwa mkopo. Basi kijana anayekuja kukaa kwenye benchi lako kambini si lazima awe tajiri. Lakini pia si maskini kama wewe.

2. NA YEYE ANAFANYA KAZI BILA MSHAHARA

Sisi wa chama hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Kazi ni kazi. Mtu akifika ofisini asubuhi, akaandika barua, akatafuta vifungu vya sheria na kuhoji mashahidi, huyo amefanya kazi. Hata Umoja wa Mataifa, unaotangaza haki ya kila mtu kupata ujira wa haki, kwa miaka mingi umewatumia vijana wa mazoezi bila kuwalipa. Mwaka 2015 magazeti ya dunia yaliandika habari za kijana mmoja aliyefanya mazoezi Umoja wa Mataifa huko Geneva akilala ndani ya hema katika mji ule ghali. Mashirika mengine ya Umoja huo siku hizi hutoa posho.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Kwa sababu kazi isiyolipwa huchagua watu. Anayeweza kukaa miezi miwili Geneva bila mshahara ni mtoto wa mwenye nacho, au mwenye chuo cha kumfadhili. Mtoto wa mchuma chai hawezi. Hivyo ofisi zinazozungumza habari za maskini hujazwa na watu ambao umaskini wameusoma tu. Hatuwalaumu vijana. Tunaulaumu utaratibu.

3. WANAFANYA KAZI GANI HASA?

Mwanafunzi wa sheria bado si wakili. Hawezi kusimama mahakamani peke yake kukutetea. Kazi yake ni ya chini ya jengo: kusoma sheria, kukusanya hati, kuandika maelezo ya mashahidi, kupanga ushahidi ili wakili au mwalimu wake autumie. Vyuo vingi vina kile kinachoitwa kliniki ya sheria. Jina linatokana na hospitali. Kama vile mwanafunzi wa udaktari anavyomhudumia mgonjwa huku daktari akimtazama, vivyo hivyo mwanafunzi wa sheria hushika kesi ya kweli chini ya uongozi wa mwalimu.

Tusidharau kazi hiyo. Baada ya jeshi kumpindua Rais Aristide wa Haiti mwaka 1991, maelfu ya watu walikimbia kwa mashua kuelekea Marekani. Serikali ya Marekani iliwapeleka wengi katika kambi yake ya kijeshi ya Guantánamo, kisiwani Cuba. Wale waliokutwa na virusi vya ukimwi walizuiwa humo, nyuma ya seng'enge, ingawa walikwisha onekana kuwa na sababu za kuomba hifadhi. Mwaka 1992 wanafunzi wa sheria wa chuo cha Yale, pamoja na mwalimu wao Harold Koh na mawakili wengine, waliishtaki serikali yao wenyewe. Mwezi wa sita mwaka 1993 jaji wa New York aliamuru waliozuiwa waachiliwe, na watu hao wakaingia Marekani. Mwezi huo huo, katika shauri jingine la Wahaiti lililohusu kurudishwa kwa mashua baharini, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kuwa serikali inaweza kuendelea kuwarudisha watu. Shauri moja walishinda, jingine walishindwa. Ndivyo sheria ilivyo.

4. MFANO WA ASSAM: RIPOTI ILIYOTOKA KATIKA MASHAMBA YA CHAI

Sasa tuje katika kazi tunayoijua. Assam ni jimbo la India lenye mashamba makubwa ya chai. Waingereza waliyaanzisha katika karne ya 19, wakaleta makuli kutoka sehemu za mbali za India ili wayalime. Wajukuu wa makuli hao wangali wanachuma chai na kuishi katika leini za kampuni. Wenzetu wanaoishi leini za miwa na chai hapa Uganda, ambao babu zao walitoka West Nile, Kigezi, Rwanda na Burundi, wataelewa habari hii bila kuelezwa sana.

India ilikuwa na Sheria ya Kazi za Mashamba Makubwa ya mwaka 1951. Sheria hiyo ilimtaka mwajiri atoe nyumba, maji safi, vyoo, matibabu na mahali pa kulelea watoto wachanga. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri.

Mwaka 2009 IFC, ambayo ni tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni ya watu binafsi na kununua hisa zao, ilitoa dola milioni 7.8 na kupata karibu asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya chai iitwayo Amalgamated Plantations. Kampuni hiyo ilitokana na mashamba ya Tata, na ilikuwa na wafanyakazi wa kudumu wapatao 30,000. Wafanyakazi nao waliuziwa hisa, wakalipa kwa kukatwa mishahara. Ilisemwa kwamba mpango huo utawainua wafanyakazi.

Mwezi wa pili mwaka 2013 mashirika matatu ya kienyeji yalipeleka malalamiko kwa ofisi inayokagua kazi za IFC. Walitaja saa za kazi, ujira, nyumba, afya, uhuru wa kujiunga na chama, na jinsi hisa zilivyouzwa kwa watu wasioelezwa hasara inayoweza kutokea. Mwaka 2014 Taasisi ya Haki za Binadamu ya chuo cha sheria cha Columbia, New York, ilitoa ripoti kubwa juu ya mashamba hayo. Wachunguzi wake waliingia leini kwa leini. Walikuta nyumba zilizojaa watu kupita kiasi, vyoo vilivyoharibika na kufurika, na ujira wa fedha taslimu usiofika rupia 100 kwa siku. Waliandika pia habari za shamba la Powai, ambako mwaka 2010 kijana aliyekuwa akipulizia dawa ya wadudu alikufa. Wenzake walipoandamana, polisi walifyatua risasi na watu wawili wakauawa.

Mwaka 2016 ofisi ya ukaguzi ilitoa uamuzi wake: IFC haikuchunguza vya kutosha hali za wafanyakazi kabla na baada ya kutia fedha zake. Maneno ambayo mchuma chai alimwambia mgeni mlangoni pake yalifika mezani pa Benki ya Dunia, na Benki haikuweza kusema kwamba haikujua. Hiyo ndiyo nguvu ya karatasi.

Lakini tuhesabu muda. Kutoka malalamiko hadi uamuzi ilipita miaka zaidi ya mitatu, na chuo cha sheria ni miaka mitatu tu. Mwanafunzi aliyeanza masomo wakati malalamiko yanapelekwa alikuwa amekwisha maliza na kwenda zake. Waliobaki pale tangu mwanzo hadi mwisho ni wafanyakazi. Na ripoti, hata ikiwa nzuri namna gani, haipandishi mshahara. Mshahara wa mchuma chai wa Assam hupandishwa kwa mapatano ya vyama na waajiri, au kwa amri ya serikali.

5. MFANO WA LIBERIA: KESI ILISHINDWA, CHAMA KIKASHINDA

Mwaka 1926 serikali ya Liberia iliipa kampuni ya Firestone haki ya kukodi ardhi hadi ekari milioni moja kwa miaka 99, kwa senti sita za dola kwa ekari kwa mwaka. Pakaanzishwa shamba la mpira la Harbel, moja ya mashamba makubwa kabisa ya mpira duniani. Wagema wake walipewa kipimo cha kazi kizito cha kila siku. Utomvu waliubeba kwa ndoo mbili zilizoning'inia kwenye mti mabegani. Wafanyakazi walisema kuwa kipimo hakiwezekani kwa mtu mmoja, hivyo mtu huingia shambani na mke na watoto wake.

Mwaka 2005 mawakili wa haki za wafanyakazi walifungua kesi huko Marekani. Ofisi za namna hiyo ndizo zinazopokea wanafunzi wa sheria wakati wa likizo. Kesi ilizunguka miaka mingi. Mwisho ilibaki hoja ya watoto 23 tu. Mwaka 2011 mahakama ya rufani iliamua kwamba kampuni yaweza kushtakiwa chini ya sheria ile ya Marekani, lakini ushahidi uliotolewa hautoshi kuonyesha kwamba sheria ya dunia imevunjwa. Watoto wakashindwa.

Je, wafanyakazi walikuwa wamekaa wakingoja hukumu hiyo? Hapana. Waliinuka dhidi ya viongozi wa chama waliokuwa karibu na kampuni kuliko karibu na wanachama. Waligoma. Mwishoni mwa 2007 walifanya uchaguzi huru na kuchagua viongozi wao, na mahakama ya Liberia ikauthibitisha. Chama cha wafanyakazi wa chuma na mpira cha Marekani, ambacho kina wanachama katika viwanda vya matairi vya kampuni hiyo hiyo, kiliwasaidia. Mwezi wa nane mwaka 2008 walitia sahihi mkataba mpya: mshahara ukapanda kwa asilimia 24, kipimo cha kazi kikapunguzwa kwa asilimia 20, na kampuni ikakubali kuleta magari ya kubeba utomvu badala ya mabega ya watu.

Linganisheni. Kesi ilichukua karibu miaka sita ikashindwa. Chama kilichofufuka kilipata mkataba miaka mitatu kabla ya kesi kwisha. Hatusemi kesi haikufaa kitu. Ilifanya jina la Harbel lijulikane duniani, na kampuni haipendi kujulikana kwa namna hiyo. Lakini waliopunguza mzigo begani ni wafanyakazi waliosimama pamoja.

6. SOMO LENYEWE

Ndugu, kutoka mifano hii tunapata neno moja la kushika. Mwanafunzi wa sheria huleta kalamu; chama huleta nguvu. Kalamu bila nguvu huzaa ripoti inayolala kabatini. Nguvu bila kalamu huzaa mgomo ambao mwajiri anaukana kesho yake, akisema hakuna aliyelalamika. Tunavihitaji vyote viwili, lakini cha kwanza ni chama, maana mwanafunzi hukaa wiki kumi, na chama kinakaa.

Basi mwanafunzi akija tusimkimbie kama jasusi, wala tusimpigie magoti kama mkombozi. Tumpokee kama wafanyakazi wenye akili wanavyompokea mtu mwenye ufundi fulani: kwa heshima, na kwa masharti.

7. HATARI ZILIZOPO

Hatari ya kwanza: yeye ana tikiti ya kurudi, wewe huna. Neno litakalompa alama nzuri chuoni linaweza kukupotezea kibarua. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya kuwa mwanachama wa chama, au kwa sababu ya kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri. Lakini sote tunajua kwamba mwajiri haandiki sababu hiyo kwenye barua. Huandika utoro au uvivu.

Hatari ya pili: mkalimani. Nimeona katika shamba moja, ambalo sitalitaja, wageni wakipokewa na meneja, wakalishwa chakula cha mchana, kisha wakapelekwa leini wakiongozwa na karani wa kampuni ndiye mkalimani. Nyapara akasimama mlangoni. Kila nyumba walisema: "Hatuna shida, bwana." Wageni wakaandika hivyo. Shida zilikuwa zimejaa chini ya kitanda.

Hatari ya tatu: ahadi. Mtu aliyeonewa muda mrefu, akiona mgeni anaandika jina lake, husikia moyoni kwamba fidia inakuja. Mwanafunzi hana uwezo wa kutoa fidia. Asipolisema hilo mapema, mwaka ujao watu watasema wametapeliwa, na lawama itaangukia tawi.

Hatari ya nne: ripoti isiyorudi. Wanakuja mwaka huu, wanauliza. Mwaka ujao wengine wanakuja, wanauliza yale yale. Majibu yameandikwa Kiingereza, yamewekwa mahali tusipopafahamu. Mchuma chai amegeuzwa shamba la kuvunwa maneno.

8. MASHARTI YA TAWI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tawi likubaliane mapema juu ya jembe la kumpa, na juu ya masharti haya:

(a) Ajitambulishe. Jina lake, chuo chake, ofisi anayofanyia mazoezi, na jina la mkubwa wake anayewajibika. Aonyeshe barua. Katibu wa tawi aandike yote katika daftari la tawi na apige simu ofisi hiyo kuhakikisha.

(b) Aeleze karatasi inakwenda wapi. Je, ni ya masomo yake tu? Ni ripoti ya kutangazwa? Ni ushahidi wa kesi? Haya ni mambo matatu tofauti, na mfanyakazi ana haki ya kukubali moja na kukataa jingine.

(c) Majina yafichwe. Jina halisi lisiandikwe pamoja na maelezo, ila mwenyewe akitaka baada ya kuelewa hatari. Picha ya uso isipigwe ovyo. Na tukumbuke kwamba kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "mama mwenye watoto sita, mpulizia dawa, leini namba 4", meneja amekwisha mjua.

(d) Mkalimani atoke kwetu. Kambini mtu wa Arua, wa Kabale, wa Burundi na wa Kongo wanasikilizana kwa Kiswahili. Tawi lichague mtu anayeaminiwa na watu hao wote. Kwa habari za akina mama, hasa za kusumbuliwa na wanyapara, mkalimani awe mama na mazungumzo yawe faraghani.

(e) Asihoji mbele ya nyapara wala ndani ya ofisi ya kampuni. Jumapili baada ya ibada ni saa nzuri.

(f) Asiahidi kitu. Na aseme wazi, mbele ya kila anayehojiwa, kwamba hawezi kutoa fedha wala kurudisha mtu kazini.

(g) Mtu anaweza kukataa, na anaweza kubadili nia baada ya kusema. Asishurutishwe na mgeni, wala na chama.

(h) Aache nakala. Kabla hajaondoka alipe tawi nakala ya kazi yake, majina yakiwa yamefichwa, na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ya wafanyakazi ni mali.

Sasa jembe. Badala ya kumwacha aulize anayotaka peke yake, tumpe kazi inayolifaa tawi. Apange karatasi za mishahara za wanachama ishirini kwa miezi sita, aonyeshe ovataimu iliyolipwa na isiyolipwa. Alinganishe kilo zilizoandikwa kwenye kadi ya mchumaji na kilo za karani wa mzani. Asome mkataba wetu wa pamoja kifungu kwa kifungu na kuandika pembeni ni kipi mwajiri hakitimizi. Atueleze kwa maneno mepesi mwajiri wetu anauza wapi, nani ana hisa zake, na kama kuna benki ya maendeleo iliyotia fedha. Swali hili la mwisho ni kubwa. Bila kujua kwamba fedha za IFC zimo katika chai ya Assam, wale wenzetu wasingejua mlango wa kubisha. Mwanafunzi mwenye maktaba na intaneti huweza kupata jibu kwa siku chache, jibu ambalo katibu wa tawi angelitafuta mwaka mzima. Na mkutano wa mapatano ukifika, karatasi hizo huwekwa mezani mbele ya mwajiri.

9. NA VIJANA WETU JE?

Msaada wa sheria haukuzaliwa ng'ambo peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa sheria iliyoanza mwaka 1967. Nairobi kuna Kituo cha Sheria tangu mwaka 1973. Hapa Kampala, Chuo cha Makerere kina kazi ya sheria kwa wakimbizi, Refugee Law Project, iliyoanza mwaka 1999, na chuo cha mafunzo ya mawakili, LDC, kina kliniki yake ya msaada wa sheria. Wanafunzi wetu nao hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi kila mwaka, na wengi huishia kubeba mafaili katika ofisi za mawakili wa mjini bila kuona kiwanda wala shamba.

Kwa nini tusiwaite? Mwanafunzi wa Makerere anajua sheria ya nchi hii, ataweza kurudi bila ndege, na baada ya miaka mitano huenda akawa hakimu au ofisa wa kazi wa wilaya. Akiwa amekwisha lala leini usiku mmoja wa mvua, hukumu yake haitafanana na ya mtu asiyejua. Lakini tusifanye tunayoyalaumu. Akija, tawi limpe mahali pa kulala, chakula na nauli. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kudai ujira wa haki mlango wa mbele, na kutumia kazi ya bure mlango wa nyuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, wageni wa namna hii wamewahi kufika katika shamba au kiwanda chenu? Walikuja kwa mlango wa nani, wa meneja au wa tawi? Mlipata nakala ya walichoandika?

2. Kwa nini Sheria ya mwaka 1951 ya India haikuzuia vyoo vibovu katika mashamba ya Assam? Ni kipi katika mkataba wenu ambacho kipo kwenye karatasi tu?

3. Wafanyakazi wa Harbel walibadili nini ndani ya chama chao kabla ya kupata mkataba wa 2008? Je, tawi lenu linahitaji mabadiliko yoyote?

4. Someni masharti (a) hadi (h). Lipi litakuwa gumu kwenu, na kwa nini? Ongezeni moja lenu.

5. Mama mmoja anataka kusema habari za nyapara anayemsumbua, lakini anaogopa. Mwanafunzi anaondoka kesho asubuhi. Tawi lifanye nini?

6. Kama mwanafunzi wa sheria angekuja wiki ijayo kwa wiki kumi, mngempa kazi gani ya kwanza?

Kila tawi liandike majibu ya swali la 4 na la 6, na kuyatuma kwa katibu wa elimu wa chama. Tutayakusanya yawe masharti ya pamoja ya chama chote, ili mgeni asikubaliwe huku kwa namna moja na kule kwa namna nyingine.

Umoja ni nguvu.